Kichuguu Nyuma ya Aneksi

Kabanga hakuanza kwa kuniambia kwamba mama yake amefariki. Alianza kwa kuniuliza umeme unawashwa vipi. Nilikuwa ofisini, mchana, na namba iliyoita sikuijua. Sauti ya mwanamke ikasema, "Tata, samahani, muko nani? Namba yenu iko hapa ku ukuta, pembeni ya dijonkteri. Courant imekatika mu nyumba yote, na batu ba matanga beko bengi." Dijonkteri ni ile swichi kuu inayojikata yenyewe waya ukizidiwa. Katika maisha yangu iko moja tu ambayo ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho: nyeusi, imepasuka pembe, nyuma ya mlango wa jikoni wa Mama Mbuyi. Nikamwuliza, "Nani anapika ku aneksi?" Akauliza watu, akarudi akasema wako akina mama huko nyuma wanasonga bukari, yaani ugali, kwenye resho, jiko dogo la umeme. "Mubaambie bazime resho kwanza. Halafu mupandishe dijonkteri polepole, muishike kidogo, musiiachilie haraka." Nilisikia mlio ule ninaoujua, na sauti za watu wakishukuru, na redio iliyorukia katikati ya wimbo wa kanisa. Ndipo akasema, "Mi njo Kabanga, mutoto wa Mama Mbuyi. Mama alituacha jana."

Sijawahi kubadilisha namba ya simu. Watu wengine hubaki katika albamu za picha za watu waliowahi kuishi nao. Mimi nilibaki ukutani, kwa maandishi ya makaa, karibu na swichi, kwa sababu mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa chanzo cha giza katika nyumba ile. Mama Mbuyi aliiandika namba pale ili asichoke kupiga kelele dirishani. Ningewasha resho, nyumba yake ingezimika, naye angenipigia simu akiwa amesimama karibu kiasi kwamba nilimsikia mara mbili, ukutani na sikioni. Jioni ile, nimepakiwa nyuma ya taximoto, pikipiki ya abiria, vumbi la malori ya shaba likinijaa mdomoni, nilikuwa nikijiuliza swali ambalo mtu mwenye adabu hajiulizi akienda kulia: nilimpenda yule mama, au sikuwa tu na mtu mwingine wa kunikasirikia?

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa nimetoka chuo kikuu Lubumbashi na shahada ya sheria, nikapata kazi Kolwezi katika ofisi ndogo iliyoandaa karatasi za malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa. Kila mtu niliyekutana naye alikuwa ametoka mahali pengine, lakini kila mtu alikuwa na watu wake wa huko alikotoka: kanisa lao, meza yao ya bia, mama wao wa kuuza bukari. Mimi nilikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali, na mtu wa maswali huachwa na kanisa na bia kwa wakati mmoja. Dalali alinipeleka upande wa barabara ya Musonoi, kwenye lupango la Mama Mbuyi, yaani kiwanja chenye ukuta, nyumba kubwa mbele na kijumba cha kupangisha nyuma, ambacho kila mtu mjini huita aneksi. Aneksi ile ilikuwa chumba kimoja. Upande mmoja ilishikana na jiko la nyumba kubwa, upande wa pili iliegemea kichuguu. Nasema kichuguu, na msomaji wa mbali atafikiria kitu cha kufika gotini. Cha kwetu kilikuwa kirefu kuliko bati, kina nyasi na miti midogo juu yake kama kilima chenye watu wake. Marehemu bwana wa Mama Mbuyi, Mkasai aliyefanya kazi mgodini hadi mgodi ulipomchoka, alikuwa amekimega ubavu mmoja, akapiga udongo wake matofali, akayachoma, akajenga aneksi. Kwa hiyo nililala ndani ya kichuguu kilichopitia kwenye kalibu. Hilo sikulijua siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilisikia harufu ya udongo tu, nikadhani ni usafi.

Mama Mbuyi alikuwa mjane mnene mwenye kitenge kilichofungwa juu kabisa, chini ya kwapa, na macho yaliyokuangalia kama unamficha kitu. Watoto wake wawili walikuwa mapacha, na kwa desturi ya Kasai wa kwanza aliitwa Mbuyi na wa pili Kabanga. Kabanga aliolewa Likasi. Mbuyi alikuwa Dilolo, mpakani mwa Angola, akifanya biashara ambayo mama yake hakuwahi kunieleza. Masharti ya upangaji alinipa akiwa amesimama mlangoni, bila karatasi. "Maji iko ku robine asubui, ukichelewa ni ya kwako. Courant ni ya sisi wote, lakini dijonkteri ni yangu. Bati ikitoboka ni ya kwangu. Panya akiingia ni wa kwako, juu hakuna mwenye alimwita." Nikamwuliza kwa sheria gani. Akajibu, "Juu ya nini unauliza sheria? Unahamia, ao unanishitaki?" Tangu siku hiyo jina langu lilikuwa Juu-ya-nini, yaani Kwa-nini.

Waya ulikuwa mmoja. Ulitoka kwenye nguzo, ukaingia nyumba kubwa, ukapita jikoni kwake, ukatoboa ukuta na kuingia kwangu. Ulivumilia taa, redio na televisheni yake, au ulivumilia taa na resho yangu. Vyote kwa pamoja haukuvumilia. "Weye Juu-ya-nini! Kata resho! Umemukata pastere mu katikati ya sala!" Nami ningejibu kupitia ukutani, "Mama, juu ya nini tusivute waya wa pili?" "Juu ya nini, juu ya nini! Batoto bote banazaliwa banalia, weye ulizaliwa unauliza!" Umeme ulipopotea mji mzima alilaumu bwawa la Nzilo, kama vile Nzilo ni shemeji yake asiyelipa deni. Ulipopotea kwetu tu, alinilaumu mimi. Kwa hiyo nilijifunza maisha yake kwa njia ya umeme. Nilijua saa ya sala yake ya asubuhi, kwa sababu sikuweza kuchemsha chai. Nilijua anapopiga pasi nguo za Jumapili, kwa sababu taa yangu ilififia na kuwa rangi ya machungwa. Filamu yake ya jioni ilipoanza nilikaa kitandani na sufuria ya mchele mbichi mapajani, nikisikiliza watu wa ndani ya televisheni wakigombania urithi, nikingoja waachane ili nipike. Nilikula nimesimama. Mtu anayekula peke yake haoni sababu ya kukaa. Nikimaliza, niliosha sahani moja na kijiko kimoja, na sikuwa na la kufanya.

Mchwa walianza kimyakimya. Kwanza ilikuwa mistari ya udongo iliyopanda ukutani nyuma ya kitanda, myembamba, yenye matawi, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Niliifuta, kesho yake ikarudi. Halafu siku moja nilisukuma mlango na mwimo wake ukaingia kidole. Nje rangi ilikuwa nzima, ndani hapakuwa na mbao. Nikafungua sanduku la vitabu. Nakala ya tasnifu yangu ya chuo kikuu walikuwa wameila kwa utaratibu: sura ya pili yote ilikwisha, wakaacha tanbihi zikining'inia pembeni bila kitu cha kufafanua. Nilicheka, kwa kweli, na nilipotaka kumwonyesha mtu nikakuta hakuna. Nikaenda mlango wa jikoni. Mama Mbuyi alikiweka kidole chake kwenye mwimo, kikaingia, akakitoa akakipangusa kwenye kitenge. "Muchwa ya inje ni ya kwangu," akasema. "Ya ndani ni ya lokatere." Lokatere, yaani mpangaji, ni mimi. Nikamwambia mchwa hawana ndani wala nje, wana kichuguu, na kichuguu ni chake. Dawa ilikuwapo sokoni. Tungetoboa shimo, tungemwaga, kichuguu kingekufa, mimi ningelala na yeye angeokoa nyumba. Nilisema yote hayo kwa mpangilio mzuri.

Alikaa kwenye kigoda chake cha jikoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Umwage dawa. Na Mbuyi nitamutumia nini?" Sikuelewa. Akaeleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi huruka kutoka kichuguu kile. Kule hakuna anayewaita kumbikumbi. Wanaitwa nswa, na kila mtu anajua ladha yao. Yeye huwakaanga, huwakausha, huwafunga kwenye mfuko, na kuutuma kwa lori hadi Dilolo. "Nikituma nguo, hanipigie simu. Nikituma salamu na batu ba kanisa, hanipigie simu. Nikituma nswa, anapiga. Anasema, 'Mama, zimefika.' Tunaongea mupaka uniti inakwisha." Kisha akasimama, akaanza kuchambua matembele, na mazungumzo yakawa yamekwisha. Nilirudi chumbani. Ningeweza kuliacha jambo pale. Lakini mlango wangu ulikuwa haufungiki tena, na nilikuwa na shahada.

Nilikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, mzee mfupi aliyeamua kesi za majirani kwenye baraza lake, chini ya bati. Mama Mbuyi alikuja na mwavuli na Biblia, ingawa hakukuwa na mvua wala ibada. Majirani wakaja kwa sababu walikuwa majirani. Nikasimama na kusema kwa sauti niliyoipata chuo kikuu kwamba mwenye kupata faida ya kitu ndiye abebe na hasara yake, na kwamba kanuni hiyo ni ya kale kuliko Kolwezi. Shefu alisikiliza huku akijikuna kisigino. Halafu akauliza swali lake, ambalo kwa watu wa kule ndilo lilikuwa kesi yenyewe, kwa maana kila kichuguu kina mwenyewe, na watu wa ukoo mmoja wamewahi kunyimana mazishi kwa sababu ya kumbikumbi waliookotwa bila ruhusa.

"Mama Mbuyi, nswa zikitoka mu kile kichuguu, nani anakula?"

"Mi njo nakula. Tangu bwana yangu alikuwa muzima."

"Mwenyewe anakulaka peke yake?"

"Ninagawa! Ata weye, Shefu, mwaka jana nilikuletea sahani. Ulirudisha sahani bila kuosha."

Watu walicheka hadi shefu mwenyewe akacheka, akajipangusa macho. "Basi," akasema. "Maneno ya huyu kijana ni ya kweli. Mwenye kukula nswa, njo mwenye kubeba muchwa. Mama, utengeneze mulango."

Nilishinda. Niligeuka kumtazama Mama Mbuyi, nikitarajia kelele. Alikuwa akilikunja pindo la kitenge chake taratibu, akilikunjua, akilikunja. "Sawa," akasema. "Basi mwaka huu akule yeye."

"Mama?" akauliza shefu.

"Akule yeye. Nswa ni yake, muchwa ni yake, mulango ni wake. Mi sitaki tena kintu." Akachukua mwavuli wake, akaondoka. Mwanamke mmoja jirani alinong'ona, kwa sauti ya kutosha kusikika, "Sasa ule mutoto atazikamata na nini? Na diplome?" Shefu akainua mabega. Kesi yangu ya kwanza na ya mwisho ya upangaji iliisha hivyo: niliingia nikidai mlango, nikatoka na kichuguu.

Baada ya siku hiyo hakuniita tena. Hilo ndilo ninalokumbuka kuliko mchwa. Ningewasha resho, televisheni ingekatika katikati ya neno, nami ningesubiri: "Weye Juu-ya-nini!" Kimya. Ningesikia kandambili zake zikienda nyuma ya mlango, dijonkteri ikilia, kandambili zikirudi. Simu haikuita. Mara nyingine niliwasha resho bila kuwa na kitu cha kupika, ili tu nione kama atakasirika. Hakukasirika. Alasiri watu wa mgodi walipolipua miamba shimoni upande wa Musonoi, vyombo vya jikoni kwake vilitetemeka na vyangu vikatetemeka, sahani yake na sahani yangu, na zamani angesema ukutani, "Batatuangusha siku moja, hawa," nami ningesema, "Ndiyo, Mama." Sasa sahani zilitetemeka zikatulia. Nilijiambia kwamba nilikuwa na haki. Nilikuwa nayo kweli. Hata leo nikiipima kesi ile naona nilikuwa na haki, na sioni inanisaidia nini.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri ya Jumamosi, nzito, yenye kelele juu ya bati, ikapita. Ardhi ikatoa ile harufu ambayo watu wa Katanga huisubiri tangu jua la Septemba. Nilikuwa nimelala. Nikasikia kitu kama karatasi ikikunjwa. Katika pembe ya chumba, pale ukuta unapoegemea kichuguu, vibarua wa mchwa walikuwa wamefungua matundu, na askari wao wenye vichwa vikubwa vyekundu walikuwa wamejipanga pembeni, taya juu, kama polisi siku ya mgeni wa serikali. Nje, nyuma ya ukuta wa lupango, nilisikia akina mama wakiitana na mabeseni yakigongana. Sikuwa na beseni. Nilikuwa na ndoo moja na sufuria. Nilifanya nilichowahi kuona watu wakifanya: nikavuta taa yangu kwa waya mrefu hadi nje, nikaitundika juu ya ndoo ya maji mbele ya kichuguu, nikaiwasha, kwa sababu jua lilikuwa linazama. Nyumba kubwa ilikuwa giza tupu. Hakuna televisheni, hakuna taa ya jikoni, hata ule mwanga mwekundu wa mbabula, jiko lake la makaa, ambao jioni zote ulionekana chini ya mlango, haukuwapo. Amenuna, nikafikiri. Hata kuona hataki.

Kisha wakatoka. Sina namna ya kueleza kwa mtu ambaye hajaona. Kichuguu kilifuka. Mabawa yalipanda kama moshi, yakaiona taa yangu, yote yakaja. Wakaanguka ndooni, wakaanguka kwenye nywele, wakaingia shatini. Askari waliniuma vidole hadi damu. Ndoo ikajaa, nikajaza sufuria, nikamwaga vitabu chini nikajaza sanduku. Nilikuwa nacheka na kulia kwa maumivu, na nikagundua nimekuwa nikisema kwa sauti, "Angalia! Angalia!" bila kuwa na wa kuambia. Baadaye walipopungua nilikaa chini kwenye tope, mabawa yamenibandika mikononi. Desturi niliijua vizuri kwa wakati huo, nilikuwa nimeisikia mbele ya mtaa mzima: mwenye kichuguu hali peke yake, anagawa. Nikaanza kufikiri nani nitampelekea sahani. Wenzangu wa ofisini sikujua wanakoishi. Kijana wa taximoto sikujua jina lake. Nilimfikia shefu, na baada ya shefu sikuwa na mtu. Mji mzima, na ndoo, sufuria na sanduku.

Nikaenda mlango wa jikoni.

"Hodi, Mama."

"Nani?"

"Juu-ya-nini."

"Courant imekatika?"

"Hapana. Nimeleta nswa."

"Za kichuguu gani?"

"Cha hapa."

"Kichuguu cha nani?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, mengine mazuri sana. Nikasema, "Mama, mi sijue kuzikaanga."

Kitu kilivutwa chini ya mlango, mlango ukafunguka. Akaangalia ndoo, akaangalia sufuria, akaangalia sanduku la vitabu. Akaguna. "Chuo kikuu yote ile, na hujue kukaanga nswa. Ingia. Pangusa miguu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya jiko lile ambalo nililisikia kila siku. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolisikia. Ukutani kulikuwa na picha ya watoto wawili wa shule waliovaa mashati yanayofanana, mmoja anacheka, mmoja anamtazama anayecheka. Aliweka sufuria pana juu ya mbabula bila mafuta, kwa sababu nswa wana mafuta yao, akamimina, akanyunyiza chumvi, akakoroga hadi wakaanza kulia kama mvua ndogo. Akawapepeta kwenye ungo, mabawa yakaruka yakatua kwenye nywele zetu. Akasonga bukari. Tukala kwa mkono kutoka sahani moja, na nilikula nimekaa. Alipomaliza akagawa: sahani ya shefu, "na aoshe", sahani ya jirani wa ng'ambo ya ukuta, na iliyobaki kubwa akaitandaza kwenye gunia, ikauke. Hakuniuliza kama namruhusu. Wala mimi, niliyeuliza kila kitu mwaka ule, sikumuuliza kwa nini tulikuwa tukila kwa mwanga wa makaa wakati umeme ulikuwapo.

Jumatatu alikuja na kidumu cha mafuta machafu ya gari na brashi. Tulipaka miimo ya mlango pamoja, na miguu ya kitanda tukaisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta hayo hayo. Mbao mpya alinunua yeye, fundi nilimlipa mimi, na mkataba huo haumo katika kitabu chochote nilichosoma. Chumba kilinuka gereji hadi nilipohama. Wiki kadhaa baadaye, nikiwa na sufuria ya mchele mapajani, nilisikia simu yake ikiita, na kelele ya furaha, na jina la Mbuyi. Waliongea Kiluba na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Nilisikia akisema, "Hapana, mwaka huu si zangu. Ni za mutoto wa ku aneksi." Akasikiliza. "Eko paka eko," yaani yuko tu. "Anauliza-uliza." Kisha akacheka. Sikupika hadi simu ilipokatika.

Mwaka ulipoisha ofisi ilinihamishia Lubumbashi, na niliporudi Kolwezi nilirudi mtu wa nyumba ya kisasa. Nilimtembelea, lakini mgeni huletewa soda na kukalishwa sebuleni, na sebuleni hatukuwa na la kusema. Matangani, jioni ile, nilimkuta Kabanga chini ya turubai, amefunga kitambaa cheusi, uso ule ule wa mtoto anayemtazama anayecheka. Mbuyi alikuwa njiani kutoka Dilolo. Walisema atafika kabla ya mazishi. Kabanga alinishika mkono akanikalisha karibu naye. "Weye njo Juu-ya-nini," akasema. "Mama alikuwa anatuchekesha na weye. Ile siku ya nswa, alinipigia simu kesho yake. Alisema, 'Ule mutoto hajue kama nswa zinafwata taa yenye nguvu. Anaweka kataa kake kamoja, na nyumba yangu yote inawaka. Zingekuja zote kwangu.' Akazima bitu byote. Televizyo, filamu yake iko mu kati. Akaziba mulango ya jikoni na kitenge juu mbabula isionekane. Akaita jirani ku ukuta, akamwambia azime taa yake ya inje, mupaka bakagombana. Akakaa mu giza, anakusikiliza unapiga kelele peke yako." Akacheka, halafu akalia, akanishikilia mkono huku akilia, na mimi nikabaki nikiangalia mlango wa jikoni uliokuwa wazi, na ukuta, na namba yangu ya makaa. Nilitaka kumwuliza mtu kwa nini. Aliyestahili kuulizwa alikuwa amelala chumba cha mbele, na kwa mara ya kwanza nililiacha swali likae bila jibu, bila kulisukuma.

Nyumba ninayoishi sasa ina mita yake na waya wake, na mkataba wa kurasa nyingi unaosema nani anashughulikia bomba, nani anashughulikia taa, nani anashughulikia wadudu. Mtu wa dawa huja kila baada ya miezi michache, na sijaona hata mchwa mmoja. Jioni ile niliporudi kutoka matangani niliweka maji ya bukari kwenye resho, nikasimama hapo, nikasikiliza. Maji yakachemka. Ninawasha resho saa yoyote ninayotaka, na hakuna mahali popote Kolwezi panapozimika.